Judica, Chupa Zako Tumezifungua

Mwaka umetimia tangu utuache, Judica Kokugonza, na siku yenyewe tuliianza kwa kugombana. Mchungaji alikuwa hajafika, ndizi zilikuwa bado hazijamenywa, na baba yako mdogo Onesphory alikuwa amesimama mlango wa jikoni na ndoo ya maji ya kisimani.

"Shemeji, wageni watapikiwa kwa maji haya."

"Hawatapikiwa," nikamjibu mimi mama yako.

"Kisima hiki alikichimba baba yangu. Tumekunywa, tumeoa, tumezaa. Wewe mwaka mzima unapanda mpaka bomba la kanisani na madumu kama bibi harusi aliyeolewa jana, Nshamba nzima inacheka. Eti kwa sababu mwanao alisema maji yana sumu!"

"Hakusema yana sumu. Alisema hajui bado."

"Basi kama hakujua!"

Akaitua ndoo kwa kishindo, maji yakanirukia viatu vya kanisani.

Wanaosoma hapa na hawakukufahamu, tuwaeleze. Ulikuwa ukiwafundisha wakemia kupima metali kwa moto wa plazma. Ulipoanza kazi hiyo nilikuambia unipunguzie maneno makubwa, mimi diploma yangu ni ya kilimo. Ukacheka, ukachota chumvi kidogo, ukairusha motoni. Moto ukawa wa njano.

"Umeona, Mama? Chumvi imetaja jina lake. Mashine yetu inafanya hivyo hivyo, ila moto wake ni mkali kuliko uso wa jua. Kila metali ikiingia inatoa mwanga wake. Mimi nawafundisha watu wasisikie jina ambalo halikutajwa."

Nikakuambia usinimalizie chumvi. Lakini nilielewa.

Wanafunzi wako walikuwa watu wazima, wengine wana ndevu na digrii, na uliwaendesha kama darasa la pili. Kabla ya kupima chochote walipaswa kupima maji matupu, yasiyo na kitu ndani, ili wajue mashine inasema nini pasipo kuwa na la kusema. Na neno "nadhani" ulilipiga marufuku. Aliyelitamka alipelekwa kuosha chupa. Asiyejua, ulitaka aseme kwa sauti: sijui bado. Datius, ambaye mke wake alijifungua katikati ya mafunzo, ulimfundisha peke yake kila Jumapili baada ya ibada, kwenye chumba chako cha Kashai, Bukoba, huku mwanao Rose akilala mgongoni mwako. Hukumwambia mtu. Ametuambia yeye, siku ya mazishi.

Ulipenda senene kupita kiasi. Uliimba sauti ya pili vibaya na hakuna aliyethubutu kukutoa kwaya. Ulikuwa na haraka katika kila kitu isipokuwa kazi yako.

Mwaka jana uliomba maji ya kwetu uyatumie kufundishia. Baba yako mdogo ndiye aliyekuletea Bukoba, kwenye kidumu cheupe. Mkayapima mbele ya darasa, na mashine ikaonyesha risasi, ile metali, tena nyingi. Ukanipigia simu.

"Mama, msiyanywe kwanza, hasa Rose. Lakini usimwambie mtu kwamba kisima ni kibaya. Sijui bado. Nipe Baba Mdogo."

Nikampa. Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Baba Mdogo, kidumu kile kilikuwa na nini kabla?"

"Nadhani mafuta ya taa."

"Unadhani au unajua?"

"Nadhani, mwanangu."

Kisha ukasema, "Basi nitakuja kuchota mwenyewe."

Jumamosi ile gari ulilopanda liliacha barabara kabla ya kufika Muleba. Mkoba wako ulirudi mzima. Ndani mlikuwa na mkate, soksi za Rose, na chupa zako tatu za plastiki ulizoziosha kwa asidi kwa mikono yako mwenyewe na kuzifunga kwenye mfuko juu ya mfuko. Mbili hazikuwa na kitu. Ya tatu ilikuwa na maji.

Niliziweka kabatini juu ya mashuka, nikatangaza kwamba atakayezigusa tutaonana. Rose aliuliza kama anaweza kunywa yale maji ya Mama. Nikamwambia hapana, nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Watu wanasema nimekuwa mkavu. Nina mjukuu wa kulea na migomba ya kupunguzia machipukizi. Lakini sijui kama kuna siku nimefungua kabati lile kwa ajili ya shuka tu.

Datius alikuwa amekuja kwa ajili ya ibada yako, na shati lake jeupe, akatukuta tumekunjiana nyuso. Baba yako mdogo akageuka mara moja, "Nyegera waitu, karibu mgeni wetu," kana kwamba hakuna kitu. Mimi sikuweza.

"Datius, yale maji yanaweza kupimwa?"

"Mama, nimewaambia mara mbili kwamba yanaweza, mkasema ngoja. Hata leo yangepimwa, ila sikuja na chupa. Chupa za dukani hazifai, zinaweza kutudanganya kama kidumu. Nitarudi na zetu siku nyingine."

"Zake je?"

Akanitazama. "Bado zipo? Kama hazijafunguliwa, zinafaa. Na ile yenye maji ndiyo maji matupu. Alikuja nayo ili tujue kama chupa zenyewe ni safi. Lakini Mama, zikishafunguliwa, basi. Hazitakuwa tena kama alivyozifunga."

"Hapana!" akasema Onesphory. "Waacheni marehemu wapumzike. Ya nini kupima? Tukifukie tu."

"Sasa hivi ulitaka kuwapikia wageni."

"Kifukiwe!"

"Shemeji, unaogopa yawe mabaya?"

"Yawe mabaya?" Sauti ikampanda. "Mama Judica, naogopa yawe mazuri! Yakiwa mazuri, je? Kile kidumu kilikuwa cha maji ya betri, na betri ndani ni risasi tupu. Nilikiosha kwa sabuni ya unga mpaka mikono ikababuka, nikaona aibu kumwambia msomi kama yule kwamba nimemletea maji kwenye uchafu. Ningesema 'betri', asingepanda lile gari."

Baba yako Eliud alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Hakunyanyua macho.

Judica, sikumfariji. Ungejua kwamba nadanganya. Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo yangegawa ukoo huu, na nilikuwa na haki nayo. Lakini nilimtazama, mzee mzima aliyekubeba ukiwa na surua mpaka zahanati, nikakumbuka wewe uliwafanya nini watu wako walipokimbilia jibu.

"Hilo nalo hujui bado," nikamwambia. "Huenda maji ni mabaya hata bila betri yako. Huenda ni mazuri. Chukua kamba twende kisimani."

Nikaenda kabatini. Mfuko wa nje ulikuwa umeufunga kwa fundo lako lile la kufungia nywele za Rose, la kuzungusha mara mbili na kuficha ncha. Nilishika mkasi. Nikauweka chini, nikalifungua kwa vidole. Lilichukua muda. Kamba ya mfuko nimebaki nayo, chupa nimempa Datius.

Onesphory ndiye aliyevuta maji. Datius, amevaa glavu ulizozifunga pamoja na chupa, na tai ameitupia begani, alijaza chupa mbili, akafungua na ile ya maji matupu hapo hapo kisimani ili ipate hewa ile ile, akaifunga.

"Unadhani yatakuwaje, mwanangu?" baba yako mdogo akamwuliza.

"Mzee, neno hilo lilinioshesha chupa wiki nzima."

Nikasikia mtu anacheka. Ni baba yako Eliud, alikuwa ametufuata kimya kimya. Alicheka, kisha akafuta uso kwa kiganja.

Nikamwambia Datius ale kwanza, akakataa. Akasema ulishawafundisha kwamba sampuli haikai kusubiri pilau. Akapanda bodaboda kwenda kutafuta gari la Bukoba, chupa zako zimo kifuani ndani ya shati. Ibada yako imempita. Nafikiri ungempa alama zote.

Kifuniko cha kisima nimekitia kufuli, ufunguo ninao mimi. Ile ndoo ya jikoni Onesphory aliimwaga mwenyewe migombani, akapakia madumu yangu kwenye baiskeli, akapanda nayo bombani mbele ya wageni wote waliokuwa wakiwasili. Jirani yetu Mzee Mushumbusi akamzomea kutoka barazani kwake:

"Onesphory! Na wewe umeolewa jana?"

"Leo asubuhi!" akajibu, akaendelea kusukuma.

Maji hayo ndiyo yaliyopika chakula cha kumbukumbu yako. Majibu hayajaja. Usiku ule sikulala vizuri, na sidhani kama shemeji alilala. Akiuliza, namjibu kwa maneno yako.

Unakumbukwa na mwanao Rose, ambaye sasa anajifunga nywele mwenyewe, fundo halifichi ncha. Baba yako Eliud Kagaruki. Mimi mama yako. Dada yako Sabina wa Kagondo. Bibi yako Eufrazia. Baba yako mdogo Onesphory, aliyeomba jina lake liandikwe mwisho, na nimekataa. Wakemia wote uliowafundisha. Na kwaya, ambayo sasa inaimba sawasawa na haipendezi.

Tutakukumbuka daima, Judica. Hilo peke yake tunalijua tayari.