Mwisho Aliobuni Halima

Mjukuu wangu Talaso, salaam aleikum kutoka Kulamawe. Sisi wazima, mvua imenyesha, na ngamia wa mama yako amezaa.

Unauliza riwaya ulizonitumia nimezionaje. Ile ya upelelezi, muuaji nilimjua mapema. Ile ya mapenzi, msichana anasamehe haraka mno. Ile ya jini ilinitisha vizuri, kisha mwisho ukanichosha.

Wa kulaumiwa ni binamu yangu Halima. Tulipokuwa wasichana, jioni tukimaliza kukamua, alitusomea riwaya huku akiigeuza kwa Kiborana. Siku moja tukakuta kurasa za mwisho zimeng'oka. Halima hakusita. Akabuni mwisho wake, na wanawake waliokuwa wakisikiliza wakalia. Mimi nilikaa pale nikiwaka wivu, maana kusoma nilijua kama yeye. Baadaye nikapata kitabu kizima, na mwisho wa mwandishi haukuufikia wa Halima.

Tangu hapo kila riwaya naipima na Halima, na wivu haujaniisha. Sasa yuko Sericho, macho yake hayaoni tena. Wiki ijayo naenda kumsomea ile ya jini. Nikikaribia mwisho nitamwambia kurasa zimeng'oka, halafu ninyamaze nisikilize.

Ni mimi nyanya yako.