Kijiwe cha Loyce na Sumaku ya Sadala

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Asnath Semboja. Umri: miaka 58. Kazi: mkulima. Makazi: Kwashemshi, Korogwe. Yameandikwa Handeni, tarehe 13 Machi 2025, saa 3:40 asubuhi, na Koplo Twaha.

Jiwe la binti yangu limetupwa, afande, na Jumapili anatakiwa kusafiri nalo. Salamu zitafuata. Kwashemshi wananiita Mama Daktari. Si daktari wa sindano. Loyce wangu anasomea fizikia mpaka mwisho wake, na kule kwetu hakuna mwingine. Koplo amesema hilo halihitajiki. Naomba liandikwe.

Loyce alilikuza jiwe hilo mwenyewe kwenye tanuri la maabara, baada ya mengine mengi kuharibika. Ni dogo kama punje ya hindi, jeusi, upande mmoja linang'aa kama kioo. Alipokuja nalo nyumbani kuniaga, alinieleza jikoni kwamba vipo vitu vikipozwa sana hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe, ila sumaku huviharibia hali hiyo. "Hili, mama, lina sumaku yake ndani na bado linapitisha." Nikamwuliza, "Yaani wake wenza wamekubali kupika chungu kimoja?" Akacheka. Akasema hata wao hawajui wanapatanaje, ndiyo maana linakwenda kupimwa.

Mnamo tarehe 12 Machi 2025, majira ya saa tano asubuhi, nilikuwa hapa Handeni kwa mdogo wangu Serafina. Jiwe nililichukua na kikopo chake bila kumwambia Loyce. Nilitaka Serafina alione, maana kila siku ni yeye na sifa za mwanawe mwenye lori.

Jirani yake Sadala, dalali wa madini, aliponiona nikimwonyesha Serafina jiwe, akaniita mezani kwake. "Shikamoo mama, lete tulione." Nikampa. Akashusha sumaku yake ya kwenye uzi, jiwe likasogea. Akasema, "Chuma tu hiki, mama yangu," akalirusha nyuma ya bega kwenye lundo la makokoto. Ndivyo wafanyavyo madalali wa huku, kilichoshikwa na sumaku hakirudi mezani. Nilipopiga kelele lilikuwa limeshachanganyika.

Mimi na Serafina tukataka kuchambua. Sadala akakataa. "Chuma gani hicho cha kuliliwa hivi? Mnanifanya mtoto?" Akakaa juu ya lundo mpaka tukaondoka.

Nilimpigia Loyce simu. Nikamweleza yote. Akauliza, "Mama, umekula?" Tangu hapo chakula hakipiti.

Sitaki Sadala afungwe. Sumaku yake haikudanganya. Nataka lundo lisiguswe mpaka lichambuliwe. Nimechoka, miguu imevimba, lakini nitakaa chini nichambue na mimi.

Nimesomewa niliyoyasema, nayo ni yangu yote.

Sahihi: A. Semboja

Maelezo ya askari: Sadala ameitwa, amekubali lundo lichambuliwe mbele yangu. Shahidi ameomba iandikwe kwamba kwaya yake yote ya kanisani inakuja na nyungo kusaidia kuchambua. Loyce, Serafina, Sadala na hao wenye nyungo wafike lundoni saa mbili asubuhi, Jumamosi, tarehe 15 Machi.