Balbu ya Chumbani kwa Bibi

Wanangu na baba yenu,

Natoka na Bibi, tunakwenda hospitali ya macho. Chai ipo kwenye chupa. Balbu ya chooni imeungua. Nunueni ya kuzungusha, si ya pini kama ile baba yenu aliyoileta juzi akabaki kuikodolea macho.

~~Ya chumbani kwa Bibi tafuteni yenye mwanga mkali zaidi.~~ Hapana, hiyo msinunue. Kila tukimbadilishia anasema ni hafifu, nasi tunamtania kwamba haridhiki. Leo alfajiri nimemfungia ile nyeupe ya sebuleni, kali hadi mimi mwenyewe nimefumba macho. Bibi alikuwa ameketi kitandani. Akaniambia taratibu, "Ukimaliza, mwanangu, niwashie basi."

Nilikuwa nimeshawasha.

Nimeshuka kwenye kiti, nikamwambia umeme umekatika. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Nimechoka, na njiani itabidi nimwambie ukweli.

Tukirudi, nisisikie mtu akifanya utani wa taa. Na mkiingia chumbani kwake, semeni kwanza ni nani.

Mama