Nimepunguzwa Mguu Mmoja, Mama Ameninunia

Mpendwa Shangazi Édith,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha mpaka naona haya, na furaha hiyo hiyo ndiyo imenikosanisha na mama yangu mzazi. Jina langu usilichapishe, ingawa hapa Caraquet wakishasoma habari ya miguu watajua tu ni ukoo gani.

Nina miaka arobaini na minne, nafunga kaa kwenye makopo kiwandani, nina mume anaitwa Réjean, na nina miguu ya kwetu, ile inayoanza kuvimba ukiwa mtoto na haikomi, si kwa ugonjwa wa mbu, ni ya kurithi, bibi alikuwa nayo, mama anayo, kaka yangu Donat anayo, na kila tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya sisi Waakadia wa Kanada, kabla hatujatoka na masufuria kwenda kupiga makelele mjini, tunakaa wote kwenye gati la mjomba tukining'iniza miguu tunapigwa picha, na mama ametundika picha hizo ukutani kote kwenye ngazi, miaka thelathini ya miguu, Shangazi, wageni wanacheka na sisi tunacheka zaidi.

Basi mwaka jana nikaenda Montreal kwa daktari wa upasuaji, mwanamama mfupi asiye na maneno mengi, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba, akangoja, akasema, "Kidole hakikuacha shimo. Hapa maji yameshageuka mafuta." Akanieleza kwamba kama uvimbe ungekuwa bado ni maji angeweza kuunganisha vijishipa vya limfu, vinavyoondoa maji mwilini, vyembamba kama uzi wa buibui, na mishipa ya damu ili maji yapate njia ya kutokea, au angehamisha tezi kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuzipanda mguuni, lakini kwangu mimi lililobaki ni kuyafyonza mafuta kwa mrija kupitia matundu madogo, mguu mmoja kwanza, wa pili baadaye, na sharti ni moja, soksi ya kubana, usiku na mchana, maisha yangu yote. Nikasema ndiyo, ndiyo, hata kumi nitavaa.

Mwezi Machi wakanifyonza mguu wa kulia, lita tatu! Nilipopona, Réjean akanikuta jikoni nimekaa peke yangu nimekunja nne, mara ya kwanza maishani mwangu, akasema, "Mke wangu, unafanya nini?" nikasema, "Nakunja nne," akavuta kiti akakaa kunitazama kama anatazama fainali ya hoki. Nimenunua gambuti, Shangazi, mguu mmoja unaingia na mwingine hauingii, nami navaa hivyo hivyo gambuti kulia, kandambili kushoto, naenda dukani, napanda ngazi hata pasipo na haja, juzi nimelipiga teke pipa la takataka bila sababu yoyote.

Donat akanitania, "Dada, sasa wewe ni wa kwetu nusu, nusu nyingine ni mgeni, utakuwa unabisha hodi kwa mguu upi?" Nilicheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Alikuwa anafinyanga matonge ya viazi, akaacha, akafuta mikono, akasema, "Miguu hii imemvusha bibi yako barafu ya ghuba. Imenibeba mimi na mimba tano. Sasa niambie, mwanangu, ni mguu wangu uliokuwa unakutia aibu?" Mguu wa pili nimepangiwa tarehe kumi na mbili Agosti, siku tatu kabla ya picha, na mama kasema, "Ukienda, usije gatini. Kakae na wenye miguu mizuri."

Tangu hapo ananipigia simu kila Jumapili baada ya misa, hanisalimii sawasawa, anahoji tu kama askari. "Siku ya kufyonzwa ulilala kwa saa ngapi?" "Ile nusukaputi, mtu mwenye presha wanampa?" "Na mzee je, wanamgusa, au wanamwambia arudi nyumbani?" Nikimwuliza kwa nini anauliza, anasema, "Nauliza tu, mtu haulizi?" na anakata. Naona anakusanya ushahidi wa kunishinda mbele ya ukoo.

Na kuna jambo sijamwambia mtu, hata Réjean. Mwezi Juni, kwenye harusi ya binamu yangu, niliivua ile soksi, ni ya rangi ya uji wa jana na gauni langu lilikuwa la buluu, nikacheza siku nzima, kesho yake nikaiacha tena kwa sababu mguu ulipendeza, na siku ya tatu kifundo kilikuwa kimeongezeka sentimita mbili. Nesi alipopiga simu kuniuliza vipimo nilimdanganya. Je, nifute tarehe ili nipate amani na mama, au niende tu? Nifanyeje, Shangazi?

Wako,
Gambuti Moja

*

Gambuti Moja,

Kwanza furaha yako ni halali yako. Usimwombe mtu radhi kwa ajili yake. Ila pipa la takataka liache.

Sasa nikuchambue kidogo. Wewe uliambiwa sharti moja. Si masharti saba, moja! Ukasema hata kumi utavaa, na harusi ya kwanza tu ukaitupa chini ya kitanda. Mrija ulitoa mafuta, mwanangu, haukuponya ukoo. Njia za limfu ni zile zile mbovu ulizozaliwa nazo, na kinachouzuia mguu kurudi ulikotoka ni ile soksi mbaya. Ukimaliza kusoma hapa, ivae. Kisha mpigie nesi leo, si kesho, umwambie ukweli wa sentimita mbili. Atakugombeza, nawe utanyamaza. Huenda daktari akaamua mguu wa kwanza utulie kabla hajaugusa wa pili, nalo hilo ni lake kuamua. Si lako, wala si la mpiga picha. Akikusogezea tarehe, nenda gatini ukakae kwenye mstari. Asipoisogeza, nenda Montreal. Tarehe ya namna hiyo haifutwi ili mtu aache kununa.

Na kuhusu kununa, nimeisoma barua yako mara mbili na nimeshangaa mtu mwenye akili ya kufunga kaa anashindwa kumsikia mama yake. Mwenye presha hapo ni nani? Mzee ni nani? Huyo mama hakusanyi ushahidi. Anatafuta mlango. Amebeba miguu hiyo miaka yote akiambiwa ni ya kwao, ndivyo Mungu alivyowaumba, na hakuna daktari aliyewahi kumbonyeza hata kwa kidole. Halafu wewe unapita mbele yake na gambuti!

Jumapili akipiga simu, usijitetee. Mwambie unaogopa kwenda Montreal peke yako, akusindikize, na mkishafika umwombee apimwe. Siahidi kwamba watamfanyia upasuaji. Kwa umri wake na presha yake wanaweza kukataa. Lakini kuna bendeji, kuna kukandwa na waliosomea, kuna soksi za kipimo chake, na kuna kuulizwa tu na mtu mwenye koti jeupe, "Mama, unaumia wapi?" Hilo peke yake ni nusu ya dawa.

Nawe mama mwenyewe, kwa sababu najua ukurasa huu unausoma kabla ya matangazo ya vifo: shikamoo. Binti yako atakwambia anaogopa kwenda peke yake. Haogopi hata kidogo. Wewe sema utamsindikiza.

Shangazi Édith