Niletee Kichwa

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Kitengela tuko salama, na mvua imenyesha mpaka nyasi zimeota mlangoni. Baba yako bado anaamka na giza kwenda kazi Nairobi. Mama yako amekuwekea omena, zile dagaa kavu, lakini sijui zitafikaje Japani.

Umeniuliza nilizoeaje ugenini. Unasema unatafsiri maneno ya watu mchana kutwa, unainama ofisini kama wenyewe, na bado unajiona mgeni.

Babu yako aliponioa, akanileta Bisil alikokuwa akifundisha, sikuwa na neno hata moja la Kimaasai. Mtoto wa jirani alikuja akasimama mbele yangu kimya, ameinamisha kichwa. Nilidhani amefanya makosa. Nikampa ndizi, hakuichukua wala hakuondoka. Mama yake akacheka, akashika kiganja changu, akakiweka juu ya kile kichwa chenye joto la jua. Basi mtoto akakimbia kucheza. Kumbe alikuwa ananisalimia!

Mengine ya miaka ile tuyaache. Lakini sikujizoesha mwenyewe, Nafula. Kuna mtu alinishika mkono, na huko pia yuko, hata kama bado hamjaonana.

Ulipokuwa mdogo, ulikuwa ukitoka shule unaniletea kichwa kabla ya kuuliza chakula. Sasa watoto wa majirani wanakuja, nawagusa wote, na bado mkono unakutafuta.

Siku utakayokuja, mizigo iache mlangoni. Niletee kichwa kwanza.

Ni mimi, kukhu wako.