Nafasi Uliyoiacha Garini: Kumbukumbu ya Telesphory Bonifasi

Mwaka umetimia, Baba Winfrida, tangu alasiri ile ulipoanguka uani kwetu Buzebazeba ukiwa na bisibisi mkononi, mlango wa nyuma wa pikapu uko wazi, na mbwa wako Afande anakulamba uso. Siku mbili za hospitali, basi. Kiharusi hakikukupa hata muda wa kuniaga. Neno la mwisho ulilomwambia binti yetu Winfrida, kwa mdomo uliokwisha kuwa mzito, lilikuwa "kamba".

Naandika kwa niaba ya familia yote, ila woga uliomo humu ni wangu mwenyewe. Unanijua. Miaka ishirini na sita ulikuwa ukienda porini Uvinza kununua asali, nami nilibaki kwenye cherehani yangu sokoni Mwanga, nikizipita kona zote za barabara ile kichwani mwangu. Ukirudi salama nilikugombeza kana kwamba umepata ajali. Ulicheka tu, ukanawa, ukauliza kama dagaa wamebaki.

Ulikuwa mtu wa taratibu. Uliwasalimia watu "Mwakeye" hata saa tisa mchana, ukidai kwako bado ni asubuhi. Wafugaji nyuki walikusubiri wewe hata walipopata mnunuzi mwingine, kwa sababu ulionja asali ya kila mmoja umefumba macho, kisha ukamtajia mti ambao nyuki wake walikuwa wakiutembelea. Ulikosea mara nyingi. Hakuna aliyekusahihisha.

Na Afande. Ulimpa jina hilo kwa sababu porini alitangulia mbele ya kila mtu na hakupokea amri ya yeyote. Nyoka wangapi aliwabwekea kabla hujawakanyaga, wewe mwenyewe uliacha kuhesabu. Lakini garini alikuwa balaa. Alijirusha kutoka kwenye bodi pale Kazuramimba akavunjika mguu, ukamhamishia kiti cha nyuma. Huko nako, kila ulipokanyaga breki, alitumbukia kwenye uwazi wa nyuma ya viti vya mbele, na vifaa vikamfuata. Siku uliyoniletea mbwa aliyelowa asali huku sisimizi wakimfuata hadi mlangoni, ndipo ulipoamua kutengeneza kichanja: ubao bapa juu ya kiti cha nyuma, Afande alale juu, na chini yake zipangwe ndoo, bomba la kufukizia nyuki moshi, panga na nguo za kuzuia nyuki.

Hukuwahi kuandika kipimo maishani mwako. Ulipima kwa kamba ya katani na mafundo. Tuliikuta chini ya kiti cha dereva, ina vipande vinne. Vitatu tulivielewa: upana wa gari kutoka mlango hadi mlango, urefu kutoka viti vya mbele hadi mgongo wa kiti cha nyuma, na kimo cha miguu ya kichanja. Cha nne kilikuwa kifupi, na fundo lake ulilizungushia uzi mwekundu. Hicho hakikulingana na kitu chochote garini. Tukasema labda ni cha kutenganishia ndoo, tukakiacha.

Winfrida anataka kuishika kazi yako. Msimu wa kwanza nilimwambia msiba bado mbichi. Uliofuata nikamwambia bila Afande hakanyagi pori, na Afande hana pa kukaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta sababu. Nimekupoteza wewe, sikuwa tayari kukaa tena sokoni nikimngoja mwingine. Lakini mwezi uliopita wafugaji nyuki walituma ujumbe: kama gari la Mzee haliji safari hii, wataacha kuliwekea asali. Visingizio vyangu vikaisha. Tukaamua kumalizia ulichoanza.

Vipimo nilivitoa mimi. Nikailaza kamba yako kwenye futi yangu ya ushonaji, na kwa mazoea ya mkono nikaongeza nusu inchi kila upande kwa ajili ya pindo. Adolf, yule fundi seremala wa jirani, akakata plaiwudi kama nilivyomwandikia. Ubao ukagonga milango yote miwili. Adolf aliniuliza kwa adabu kama nilikusudia kuupiga cherehani. Winfrida alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu tukuzike, nami nikasamehe aibu yangu yote.

Ubao ukapigwa randa, ukakaa. Tukatia bawaba ili ufunuke, tukatandika kapeti. Afande akaja, akanusa, akaweka mguu mmoja, akarudi zake getini. Siku tatu tulimbembeleza kwa vichwa vya samaki, mgebuka wa ziwani. Kichanja kilikuwa juu mno kwa mbwa mwenye mguu mbovu, na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilifurahi. Nilijua asipopanda yeye, mwanangu hatoki.

Ndipo akaja Elikana kutoka Mwandiga, aliyekaa nawe kiti cha mbele safari zote hizo. Hakujua kama tumeanza kujenga. Alichungulia ndani, akaomba aione kamba.

"Mama, hapa mmefunika nafasi yako," alisema. "Huu uzi mwekundu ni kiti chako cha cherehani. Mzee alikipima siku uliyokwenda kanisani. Alisema msimu ujao na mama anakuja, akakione kile anachokiogopa."

Niliichukua kamba, nikaenda nayo Mwanga kwa miguu, nikailaza juu ya kigoda changu mbele ya wateja. Ukingo hadi ukingo. Hukuniongezea hata pindo. Nililia pale pale, na nilikukasirikia pia, kwa sababu ungeweza kunitamkia siku ulipokuwa na mdomo.

Adolf alikikata kichanja upande wa kushoto, kiasi cha fundo jekundu, kiti cha chini kikabaki wazi. Afande alitazama, akapanda kitini kwanza, kisha ubaoni, akajizungusha mara mbili, akalala.

Jumapili hii tutakuombea kwenye misa. Jumatatu asubuhi Winfrida anashika usukani kwenda Uvinza, Elikana kando yake. Mimi nitakuwa nyuma kushoto, mahali ulipochagua, na nimekwisha kukaa hapo kujaribu: naiona mikono ya dereva yote miwili. Bado naogopa, Baba Winfrida. Lakini safari hii nitaogopea humo humo ndani.

Unakumbukwa na mkeo Rozalia. Wanao Winfrida na Wema. Kaka yako Anatoli. Dada yako Melania. Elikana, mwenzako wa safari. Na Afande, ambaye tangu juzi anakataa kushuka garini.

Tutakukumbuka siku zote, huku nyumbani na huko njiani.