Tandiko Bila Muti

Alunguli, Kindu, tarehe 9 Februari 1975

Kwa mutoto wangu Musafiri, huko Lubumbashi,

Pokea salamu zangu nyingi, na nyuma ya salamu nakuuliza habari ya mwili wako. Kile kikohozi cha mwaka jana kimeisha? Unakula vizuri? Sisi huku tunapumua, namushukuru Mungu. Goti langu linauma mvua ikinyesha, na mvua inanyesha kila siku, basi pima mwenyewe. Binti yako Mwanahamisi iko muzima, anasoma mwaka wa tatu, na mudomo wake haupumziki.

Neno lililonifanya nishike kalamu ni Kibuyu. Unamukumbuka? Ile farasi fupi ya Mureno mwenye duka la mchele. Duka lilipopewa wenyeji, Mureno alirudi kwao, akaniachia mnyama kwa kuwa mimi njo nilikuwa namutunza. Watu walicheka, wakasema mbung'o watamumaliza upesi. Lakini kila siku nawasha moto wa majani mabichi mulangoni pa zizi, moshi unawafukuza, na Kibuyu iko hai. Yeye njo miguu ya mutoto wako. Tangu ule ugonjwa umupokonye nguvu za miguu, hawezi kufika masomoni bila farasi, na mimi mugongo wangu umechoka kumubeba.

Sasa Kibuyu amenenepa. Siyo kidogo, bwana! Tandiko la Mureno, lile lenye muti ndani, yaani kiunzi kigumu cha mbao, halimukai tena. Limemubana mabegani mpaka ametoka kidonda. Donatien, muganga wa wanyama (kwenye karatasi za serikali iko na jina lingine tangu majina ya Kizungu yakatazwe, lakini nyumbani ni Donatien tu), aliliangalia akasikitika. "Muzee Mbaraka, ukimurudishia tandiko hili utamuua mugongo. Tafuta mto wa kufunga kwa mukanda, ama tandiko bila muti."

Mimi tofauti siijui. Wewe njo unashona viti vya magari na matandiko ya ile klabu ya farasi ya Wazungu. Chagua wewe. Na kama kazi inakuruhusu, kuja uweke mukono wako mwenyewe juu ya huo mugongo. Mutoto anakaa nyumbani tu, haendi kusoma, mpaka neno hili liishe.

Ni mimi baba yako,
Mbaraka


Lubumbashi, tarehe 2 Machi 1975

Baba yangu mupenzi,

Nakupa heshima zako zote, na mikono miwili. Kikohozi kimeisha. Pole sana na goti, usiliache kwenye baridi. Mwanahamisi mubusu mashavu yote, mwambie ninamuwaza.

Baba, mto ni hivi. Ni kama godoro ndogo, ndani iko sufu, unaulaza juu ya mugongo na kufunga mukanda chini ya tumbo, basi. Haumubani mnyama, hauna kitu kigumu. Lakini hauna umbo vilevile. Farasi munene mabega yake yamezama, hakuna kitu cha kuuzuia, unazunguka. Na nisikilize vizuri hapa: usikubali kamwe muntu atundike vyuma vya miguu, vile vya kukanyagia, kwenye mto. Mupandaji akikanyaga chuma kimoja kwa uzito, mto wote unageuka naye mpaka chini ya tumbo. Nimeona hapa klabu, mutoto wa Mubelgiji mumoja, na yeye miguu yake mizima.

Nachagua tandiko bila muti. Nitalishona na mito miwili mirefu, mumoja kila upande, katikati nitaacha mufereji ili uti wa mugongo usiguswe. Mbele nitatia ngozi ya kushika, nyuma ukuta mudogo wa kumuegemeza. Lakini Kibuyu apungue kwanza, kwani juu ya pipa hakuna kinachokaa. Kisha unitumie umbo lake. Twaa waya laini, ukunje juu ya mugongo nyuma ya mabega, ushikane na nyama kabisa, kisha uulaze juu ya karatasi uchore kwa penseli. Ningekuja kupima mwenyewe, lakini patroni, mukubwa wetu wa kazi, hataki kusikia neno ruhusa. Labda mwezi wa sita.

Na nani anamulisha hivi, Baba?

Mutoto wako,
Musafiri


Alunguli, tarehe 30 Machi 1975

Kwa mutoto wangu Musafiri,

Salamu zako zimefika, na mashavu yamebusiwa, yote mawili, kwa lazima. Mimi goti ni lilelile. Wewe mwili unasemaje?

Unauliza nani anamulisha Kibuyu. Uliza nani hamulishi! Desturi ya hapa unaijua, huwezi kukutana na mutoto mugonjwa njiani na mikono mitupu, utaonekana huna moyo. Lakini binti yako hataki kuhurumiwa. Mama Pélagie, jirani yetu, alimunyooshea kitumbua. Akajibu, "Asante, Mama, mimi miguu njo migonjwa, tumbo ni nzima." Haya! Wanawake wakatafuta njia nyingine. Kila anayetwanga mchele anamuletea Kibuyu pumba. Mwingine maganda ya ndizi, mwingine muhogo. Huruma yote ya Alunguli imeingia tumboni mwa farasi.

Lakini nimekataza. Siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, watu wote wakiwa na majembe yao barabarani, nilisimama nikatangaza. Mama Pélagie ameninunia mpaka leo. Na Kibuyu amepungua, utaona mwenyewe, umbo lake hili hapa kwenye karatasi. Shona.

Mutoto anauliza kama kutakuwa na vyuma vya miguu, kama kwenye ile picha uliyotutumia ya watoto wa klabu. Anaiweka chini ya mukeka wake. Nimemwambia utakuja mwezi wa sita. Nilikosea kumwambia?

Baba yako,
Mbaraka


Lubumbashi, tarehe 27 Aprili 1975

Baba yangu,

Heshima zako. Natumaini barua hii inawakuta wazima, mimi sijambo.

Nimefurahi sana Kibuyu amepungua, umbo nimeliona, ni zuri. Lakini tandiko bado. Nimekata ngozi, nimeshona mto wa upande mumoja, kisha gari za wakubwa zimejaa hapa, zote zinataka viti vipya. Patroni anafunga mulango na sisi ndani.

Basi nimeona mutoto asiendelee kukaa nyumbani. Nimeshona mto upesi, naupa Isidore, yule wa treni, atauleta mpaka mukononi mwako. Nimetia vyuma vya miguu. Najua nilivyosema, Baba, usinigombeze. Aliomba, na sijamupa kitu tangu lini? Farasi sasa ni mwembamba, na wewe utakuwa unashika kamba. Ni kwa muda tu. Nimeshona jina lake pembeni kwa uzi mwekundu.

Mwezi wa sita sitapata nafasi. Mwambie wa tisa. Mwambie kwa upole.

Mutoto wako,
Musafiri


Lubumbashi, tarehe 8 Juni 1975

Baba yangu mupenzi,

Nakuamkia, nauliza hali zenu. Isidore anasema alikupa mto mukononi, na mutoto alipiga kelele za furaha mpaka majirani wakatoka. Tangu pale sijasikia kitu. Ni posta? Kidonda kimepona? Anakaa vizuri juu yake? Niambie kama mukanda umetosha.

Mutoto wako,
Musafiri


Lubumbashi, tarehe 6 Julai 1975

Baba,

Andika hata neno moja. Nikikaa kwenye mashine mikono inashona viti, lakini mimi naona vile vyuma tu. Nilijua. Hakuna aliyenidanganya, mimi mwenyewe njo nilikuandikia usikubali, kisha nikavitia. Nina hatia hata kabla ya kujua hatia ya nini. Kama kuna baya, niambie. Kama hakuna, nitukane kwa kukusumbua.

Musafiri wako


Alunguli, tarehe 20 Julai 1975

Kwa mutoto wangu Musafiri,

Nakusalimia. Leo usiniulize habari ya goti.

Alianguka. Tulikuwa tunatelemka kuelekea masomoni, mimi mbele na kamba. Aliona rafiki zake, akataka wamuone. Akasimama juu ya vyuma kama wale wa kwenye picha. Muguu mumoja ukakosa nguvu, mwingine ukabeba mwili wote, na mto ukazunguka. Niligeuka nikamukuta chini, na mto uko tumboni mwa Kibuyu na jina lake jekundu limetazama udongo. Farasi hakusogea hata kidogo, Mungu amubariki. Mukono wa kuume umevunjika, ule anaoshikia fimbo. Hospitali wamemufunga plasta, na bado iko nayo.

Sikukuandikia kwa sababu ya aibu. Unasema una hatia. Ngoja usikie yangu.

Siku ya salongo sikutangaza kitu. Nilifungua mudomo, nikamuona Mama Pélagie amebeba kikapu chake cha pumba na anacheka, nikaufunga. Kibuyu hakupungua, aliongezeka, na ndizi za asubuhi nilimupa mimi, kwani nikimuangalia mnyama ameshiba naona kama na mutoto nimemutunza. Ule waya niliukunja juu ya mugongo vizuri, ukatoka mupana. Nikaona aibu. Nikaubana kwa vidole, kisha nikachora. Nilisema moyoni, mpaka tandiko lifike atakuwa amepungua. Wewe ulipelekwa na uongo wangu. Mutoto aliniuliza akiwa kitandani, "Babu, Baba alipima mugongo wa nani?"

Mama Pélagie alipojua pumba zake njo zilimuangusha mutoto, alilia mpaka tukamushika. Akataka kuleta kuku. Mwanahamisi akamwambia, "Ukinihurumia, Mama, tembeza Kibuyu." Sasa wote wanakuja kushika kamba. Wanamupeleka mpaka mutoni na kumurudisha, mumoja akiacha mwingine anashika. Mugongo umeanza kuonekana. Kidonda kimefunga.

Waya sitakutumia tena. Mukono wangu siuamini.

Baba yako, usinihesabie kosa,
Mbaraka


Kibombo, tarehe 14 Septemba 1975

Baba yangu,

Salamu kutoka karibu. Usishituke. Niko Kibombo, treni imekufa hapa, wanasema kichwa kingine cha kuivuta kitatoka Kongolo, hakuna anayejua siku. Barua hii naipa muchuuzi wa mchele anayekuja kwenu na baiskeli. Anageuka upesi, anaweza kunirudishia neno.

Patroni aliniambia nikiondoka nisirudi, nikaondoka. Hatia yako siitaki, Baba. Wewe ulibana waya, mimi nilijua kwamba mto na vyuma ni kuanguka, hata kwa mwembamba. Nilitaka anipende bila mimi kuja. Njo hivyo tu, nimezunguka pande zote na sioni neno lingine.

Nimekaa juu ya gunia na tandiko magotini. Halina muti, halina chuma. Upande mumoja nimeushona, wa pili nimeuacha wazi, sufu iko kwenye mufuko, sindano iko kwenye kofia. Nitaujaza nikiwa nimeweka mukono juu ya Kibuyu na mutoto amekaa.

Kitu kimoja nakuambia wewe peke yako. Ninaogopa miguu yake. Kila mwaka nilisema ni patroni, ni ruhusa, ni kazi. Ni miguu. Naogopa nitaiangalia na yeye ataniona nikiiangalia.

Nikichelewa zaidi, niambie nimalizie huku kwa kukisia, niwape watu walete?

Mutoto wako,
Musafiri


Alunguli, tarehe 18 Septemba 1975

Musafiri, mwanangu,

Muchuuzi amefika na jasho lake, anakunywa maji, nami naandika hivi anaponingoja. Sisi wazima. Plasta imetoka.

Usimalizie kwa kukisia. Sisi wawili tumekwisha kukisia kabisa.

Barua yako nilimusomea Mwanahamisi. Nilipofika pale unaponiambia mimi peke yangu, nilitaka kuruka, lakini yeye anajua kusoma siku hizi, alikuwa nyuma ya bega langu. Akasema, "Babu, umeruka." Nikarudi nikasoma. Akaichukua barua, akaisoma tena mwenyewe kwa kidole. Kisha akasema vyuma hataki tena. Anataka wewe utembee pembeni ya Kibuyu, umushike muguu, uleule unaokuogopesha, kutoka hapa mpaka mulangoni kwa masomo, na rafiki zake wote waone. Sikumufundisha mimi, ni maneno yake.

Kisha akaniuliza, "Baba atakaa mpaka lini?" Jibu nilikuwa nalo tayari, tamu, la kumutuliza. Nikakumbuka waya. Nikamwambia akuulize wewe.

Basi iko anangoja. Kibuyu ameoshwa, na leo hajala ndizi, naapa. Jibu usiliandike. Kama treni haina kichwa, kuja kwa miguu, na ulete jibu mwenyewe.

Baba yako,
Mbaraka